Maswali ya Wasomaji: Je, Kuvumwani Huunyonya Mnazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nyumbani kwetu Mbagala tuna mnazi mzee ambao shina lake, upande wa chini, limeota vimto vidogo (kama mito ya kulalia) vya mmea laini. Wakati wa masika huwa vya kijani, na kiangazi kikikolea huwa vyeupe kana kwamba vimekufa. Jirani yangu ananishauri nivikwangue kwa panga, kwa kuwa anaamini vinanyonya maji ya mnazi. Nilipotembelea msitu wa Pugu niliona vimto vinavyofanana na hivyo juu ya gogo lililooza. Ni mmea gani huu, na je, niukwangue?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako amekushauri kwa nia njema, lakini tafadhali usiukwangue. Huo ni kuvumwani, na sifa ulizozitaja zinalingana na spishi ambayo wataalamu huiita Octoblepharum albidum. Huota katika nchi za joto za Afrika, Asia na Amerika, hasa katika misitu ya nyanda za chini, juu ya magome na magogo yanayooza, na hupenda sana mashina ya minazi na michikichi. Jina lake la kwanza limeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya nane na kope, kwa sababu mdomo wa kifuko chake cha spora (chembe za uzazi) umezungukwa na meno manane. La pili ni la Kilatini, nalo linataja weupe wake.

Kuvumwani haina mizizi. Ina nyuzinyuzi za kujishikiza tu, ambazo haziingii ndani ya mnazi kutafuta chakula, na maji yake huyapata kwa majani yenyewe, kutokana na mvua, umande na maji yanayochuruzika juu ya gome. Chakula hujitengenezea kwa mwanga wa jua kama mmea mwingine wowote wa kijani. (Neno letu kuvumwani limeunganisha kuvu na mwani, na huenda ndiyo sababu wengi huuchukulia mmea huu kama ugonjwa, ingawa si kuvu wala si mwani.)

Weupe unaokutia shaka ndio hasa unaoifanya spishi hii ipendeze. Katikati ya jani lake nene kuna tabaka moja tu la seli hai za kijani, na juu na chini yake kuna matabaka ya seli tupu zilizokufa, zenye vitundu, ambazo ni matangi ya maji. Mvua ikinyesha matangi hujaa, mwanga hupenya, na kijani kilichofichwa ndani huonekana. Jua likikausha, hewa huingia mahali pa maji na jani huwa jeupe. Mmea haujafa, umesimamisha tu shughuli zake hadi maji yarudi.

Kazi hiyo ya kutunza maji huonekana kwa ukubwa wake milimani, ambako spishi nyingine za kuvumwani hufunika matawi yote. Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, alipima jambo hili katika milima ya Uluguru na kuchapisha matokeo mwaka 1980. Katika msitu wa miti mifupi wenye ukungu, ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, alikuta mimea inayoota juu ya miti, kuvumwani na jamaa zake zikiwa sehemu muhimu, ikifikia takriban tani 14 za uzito mkavu kwa hekta, na ikiweza kuzuia kiasi cha lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja. Mto Ruvu, unaotupatia sehemu kubwa ya maji ya bomba hapa Dar es Salaam, huanzia katika milima hiyohiyo, ndiyo maana nasikitika kila nisikiapo kwamba msitu wa huko umefyekwa.

Kuhusu panga, hatari iko kwa mnazi wenyewe. Shina lake haliwezi kuziba jeraha kama lifanyavyo shina la mwembe, na jeraha bichi huwavutia wadudu wanaotoboa minazi. Chukua badala yake kijiko cha maji, ukidondoshee kimto kimoja kilicho cheupe mchana wa kiangazi, kisha umwite jirani yako mtazame pamoja kijani kikirudi.