Kabla kaka yako hajasaini mkopo wa kasino

Mkuu, umeuliza kama kaka yako aukubali mkopo anaopewa na kasino, na kama wanaweza kumfanya lolote akishindwa kulipa. Nimefanya kazi dirisha la keshia wa kasino kwa miaka kadhaa, na hati za mikopo hiyo nilikuwa naziandika mimi.

Wengi wanadhani wanasaini kumbukumbu ya deni tu. Nevada, Marekani, hati ile ni hundi ya akaunti yake ya benki. Tangu 1983 sheria ya jimbo inairuhusu kasino kudai mkopo huo mahakamani, na asiyelipa anaweza kushtakiwa kwa jinai sawa na aliyetoa hundi hewa. Mfanyabiashara Mmarekani Terrance Watanabe alipoteza takriban dola milioni 127 huko Las Vegas mwaka 2007, kisha akafunguliwa mashitaka kwa hati za karibu milioni 15. Yalifutwa baadaye, lakini hadi hapo alikuwa ameshashitakiwa.

Kinachoniuma zaidi ni nyongeza. Mkopo wa kwanza huombwa mchana: fomu inajazwa, benki inaulizwa. Ukiisha saa nane usiku, mtu ameshapoteza, macho mekundu, anataka kurudisha hela yake, anakuja dirishani kuomba aongezewe. Meneja anapiga simu moja, ukomo wa mkopo unapanda. Nimewaandikia watu ambao sekunde ile hawakuwa na uwezo wa kuamua chochote, na wote pale tulijua. Kwangu mimi, sheria isiyogusa saa hiyo haijagusa tatizo. Nyongeza isubiri angalau siku nzima, mchezaji akiwa ametoka ukumbini.

Uingereza wamekata mzizi: sheria yao ya kamari ya 2005 inaikataza kasino kumkopesha mchezaji. Singapore, raia hakopeshwi isipokuwa kwanza ameweka amana isiyopungua dola 100,000 za huko. New Jersey, jimbo jingine la Marekani, mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe azuiwe kukopeshwa na kasino za jimbo, na hiyo naipenda sana, maana anaamua akiwa ametulia.

Kwa hiyo asisaini. Kama ameshasaini, aombe kwa maandishi ukomo ufungwe, aulize hati itapelekwa benki tarehe gani, amwone mwanasheria kabla ya siku hiyo. Na asiifunge akaunti kwa hofu, kwa sababu mwendesha mashitaka anaweza kulisoma hilo kama nia ya kudanganya.