Mwaka wa msingi katika teknolojia ya muziki: je, ni hasara?

SUALI: Assalaam alaykum, Ndugu Mhariri. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nimemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na kupata alama za wastani. Hupiga kinanda katika kikundi cha taarab, na nyumbani hurekodi kasida kwa kompyuta ya kaka yangu. Niliomba kusoma shahada ya teknolojia ya muziki katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza, nikajibiwa kuwa nitapokewa iwapo nitaanza na mwaka wa msingi, yaani mwaka wa maandalizi kabla ya shahada, kisha niendelee na miaka mitatu ya shahada. Baba, ambaye atanilipia kwa kusaidiana na ami yangu, anasema huo ni mwaka wa kutupa fedha baharini. Naomba ushauri.

JAWABU: Wa alaykum salaam. Baba yako hakukosea kuuliza. Mwaka huo nao hulipiwa ada, mgeni hutozwa zaidi kuliko mwenyeji wala hapati mkopo wa serikali ya huko, na alama zake kwa kawaida hazihesabiwi katika daraja la mwisho la shahada. Asiyefaulu haendelei. Kwa hiyo linalotakiwa kupimwa ni upungufu ulio nao wewe, na iwapo mwaka huo unauziba.

Jambo la kwanza la kutazama ni aina ya shahada, kwa sababu jina la teknolojia ya muziki hubeba kozi zisizofanana. Ikiwa ni shahada ya sanaa, mkazo huwa katika kutunga, kurekodi na kuchanganya sauti, na kazi ulizokwisha kurekodi huwa na uzito mkubwa. Ikiwa ni shahada ya sayansi, utakutana na fizikia ya sauti, elektroniki, kuandika programu na hisabati nyingi, na hapo ndipo aliyeachana na hisabati kidato cha nne huzama.

Chukua mfano wa kasida unazorekodi. Katika kiwango cha CD, kompyuta hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na ili wimbi linaswe sawasawa lazima lipimwe zaidi ya mara mbili ya mitetemo yake. Desibeli nazo, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, huenda kwa logi (hupanda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha), ndiyo maana ukizidisha nguvu ya sauti mara mbili kipimo hupanda kwa desibeli 3 tu. Bila hisabati hiyo utabaki kuzungusha vitufe kwa kubahatisha (na studio zetu nyingi, tuseme kweli, huendeshwa hivyo hivyo).

Kwa mpiga taarab faida ni kubwa zaidi. Kinanda cha kawaida huigawa oktava (masafa kutoka sauti moja hadi ile yenye mitetemo maradufu) katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja ikizidisha mitetemo ya iliyotangulia kwa takriban 1.06, ilhali maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati huhitaji sauti zinazoangukia kati ya funguo hizo. Programu ya kusahihisha sauti iliyopangwa kwa hatua 12 humvuta mwimbaji kutoka kwenye maqamu, naye fundi asiyejua sababu hudhani kuwa mwimbaji ndiye aliyekosea.

Kwa maoni yangu, ikiwa ni shahada ya sayansi, kubali mwaka wa msingi bila kusitasita, mradi masomo yake yawe na hisabati na fizikia kweli. Ikiwa ni ya sanaa, usikubali upesi, bali vipelekee vyuo vingine matokeo yako pamoja na rekodi mbili tatu nzuri, kwani huenda kimoja kikakuchukua moja kwa moja. Kabla ya baba kulipa, chuo kieleze kwa maandishi iwapo kufaulu mwaka wa msingi kunakuhakikishia nafasi katika shahada, na iwapo vyuo vingine vitautambua ukitaka kuhama. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania nayo iulizwe mapema kuhusu utambuzi wa shahada hiyo, usije ukarudi na cheti cha kufukuzana nacho maofisini.

SUALI: Nina mwanafunzi wa kidato cha pili hapa Mwanakwerekwe mwenye ndoto kama hiyo. Nimwelekeze vipi? – Mwalimu

JAWABU: Mwalimu, asiache hisabati wala fizikia, na akifika kidato cha tano achague PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) akiweza, kwani akifaulu vyema huenda asihitaji mwaka wa msingi kabisa. Muziki wenyewe anaweza kuuanza hapa Unguja katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, ambako hufundishwa udi, ganuni na fidla. Ajifunze pia kusoma noti, maana vyuo vingi huuliza.