Fundi Anajibu: Datsun 240Z au Porsche 911?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeweka akiba miaka tisa ninunue gari moja la zamani la mbio, la kutoa Jumapili tu. Nairobi nimeoneshwa mawili: Datsun 240Z ya 1972 na Porsche 911 SC ya 1982. Yote yanatembea, bei zinakaribiana. Nakaa Nyali, na usiku bahari naisikia nikiwa kitandani. Nichukue lipi?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ungeniuliza ninalolipenda, ningekujibu kabla hujamaliza. Pasaka ya 1973 nilikuwa darasa la nne, redio ya baba iko dirishani, Shekhar Mehta akatwaa Safari Rally kwa 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa na Datsun. Porsche walikuja na 911 zao wakawa wa pili 1974, na 1978 wa pili tena. Ushabiki wangu ndio huo, nakwambia mapema.

Ila umeitaja bahari.

Injini ya 240Z ni silinda sita kwenye mstari mmoja, lita 2.4, kabureta mbili. Fundi aliyezoea Datsun za kawaida hapotei humo. Kinachoiua ni kutu. Inua kapeti utazame sakafu, kisha chini ya betri, kisha matao ya magurudumu ya nyuma. Funga sumaku kwa kitambaa uipitishe ubavuni. Ikiteleza bila kushika, hapo pana puti, si bati. Niliwahi kuletewa moja inang'aa kama sinia la harusi. Nilipogusa chini ya betri kwa bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Kuchomelea kulikula miezi saba. Soma pia namba ya chasi kwenye ukuta wa nyuma wa injini. Ikianza na HLS30, gari hilo lilizaliwa na usukani wa kushoto. La kulia huanza na HS30.

Bodi ya 911 SC ilipakwa zinki ya kuzuia kutu tangu kiwandani, jambo ambalo Porsche walilianza na modeli za 1976. Hiyo ya 1982 ni lita 3.0, silinda zimelala tatu huku tatu kule, na hupozwa kwa upepo wa feni, kwa hiyo hakuna rejeta ya kuvuja. Maradhi yake yamo ndani ya injini: bolti zinazoshika vichwa vya silinda hukatika, na vikazio vya minyororo ya taimingi hufa. Muulize mwenye gari kama aliweka vile vya Carrera, 911 iliyofuata SC, vinavyosukumwa na oili. Na oili yenyewe hupimwa injini ikiwa moto, inanguruma, gari likiwa tambarare. Ukiipima baridi utadhani imekwisha, utaongeza hadi ifurike. Halafu injini imekaa nyuma kabisa, kwa hiyo usiachie pedali ya mafuta ghafla katikati ya kona. Mkia utataka kutangulia.

Kwa mtu wa Nyali, chukua Porsche. Usitoe hata shilingi kabla fundi hajafungua vifuniko vya valvu kutazama kama kuna bolti iliyokatika.

Na yule mwenye Datsun, kama bado hajauza, nitumie namba yake. Mimi nakaa Nakuru.