Mwanangu, kuhusu ile cherehani

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikipepeta mchele. Umeniuliza: watu wakikwama kisiwani na chombo kimeharibika, watafute maji ya kunywa kwanza, kivuli, au wawashe moto waonekane? Ukanisomea na hesabu mliyofunzwa huko kwenye mafunzo ya kuongoza wageni: dakika 3 bila pumzi, saa 3 bila kinga penye baridi kali, siku 3 bila maji, wiki 3 bila chakula.

Hesabu nzuri. Lakini hao wako washafika nchi kavu. Mimi nauliza la kabla ya hapo: chombo kikianza kuingia maji, mkono wako unashika nini?

Wangu ulishika cherehani.

Kisa unakijua, ila unakijua kwa mdomo wa ami yako, naye hukisimulia watu wacheke. Tulikuwa twenda Mtangawanda, kule bandarini kisiwa cha Pate, wewe una miaka sita. Maji yamekupwa, Mkanda, ule mfereji wa kati ya kisiwa cha Manda na bara, haupitiki, nahodha akaamua kupita nje ya Manda. Na upepo wa kusi huo! Tulipotoka mlango wa Shela na kugeuza kuelekea Pate, wimbi likapanda kwa tezi, nyuma ya chombo, mashine ikakohoa ikazima. Nahodha akapiga ukelele, "Fuani mai! Fuani!" yaani tuyachote maji tuyamwage nje. Mimi nikavua buibui mbele za watu nikaifunika cherehani isirowe. Wewe uko nyuma yangu, maji yashapita vifundo vya miguu, jaketi la kuokolea limo guniani chini ya mifuko ya unga, na mamako anafunika chuma.

Ami yako hakunena neno. Alichomoa lile jaketi, akakuvisha, akafunga kamba fundo mara mbili. Ndipo akaichukua cherehani mikononi mwangu akaitosa, akanipa kopo la kufulia maji.

Mimi siku zote husema, tazama kinachoua sasa, cha kesho kina kesho yake. Hata wajukuu wakimwaga mafuta jikoni nawaambia hivyo. Siku ile nilikuwa sijaanza kuyasema.

Na wewe ulitwaa kikombe cha kahawa cha nahodha ukawa unafua nacho, ukihesabu kwa sauti. Ulifika sabini na mbili. Nikikumbuka hicho kikombe nacheka peke yangu.

Hiyo ya baridi ningekubishia, Lamu nani anakufa kwa baridi? Lakini mtoto aliyerowa akipigwa na upepo, meno yako yalikuwa yanagongana hadi nahodha anasikia. Ami yako akakuvua nguo zote, akakuviringisha turubai, akakuketisha nyuma ya magunia. Kwa hivyo wageni wako wasidhani kinga ni nyumba. Siku ya upepo ni kukauka na kujificha. Saa saba mchana kwenye mchanga wa Manda ni kivuli, maana jasho litamaliza maji ya mwilini kabla hujayatafuta mengine. Basi kama wote wanapumua na hakuna anayevuja damu, mimi ningekaa kivulini, mmoja awashe moto atie majani mabichi moshi uonekane, na asiguse mtu maji ya bahari kwa kiu. Haya, umenitoa jibu.

Ila ilikuwa lazima itoswe? Mashine iliwaka tena hata hatujamaliza kufua. Na uzito wake mbele ya mifuko ile ya unga ulikuwa nini? Mbona unga hakuutosa? Kuna siku nasema hakutaka chombo kiwe chepesi, alitaka mikono yangu iwe mitupu. Halafu nakumbuka nguo za Idi nilizoshona kwa mkono mwaka ule, vidole vimetoboka, nasema hapana, mtu huyu alikuwa na hasira zake tu.

Ukija, muulize wewe. Mimi miaka yote hii sijamuuliza.

Mamako