Kuwasha ruta kwa seli za betri mbovu za laptop: adapta ya ruta isiwe chaja

Mkuu, nimekuelewa hivi: una betri mbili za laptop zilizokufa na ruta ya 12V. Fundi kakuambia utoe seli tatu, uzipange mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine), halafu adapta ileile ya ruta uiunganishe hapohapo ichaji huku ruta inawaka. Umeme ukikatika, seli zinashika kazi. Kwenye seli tatu yuko sawa. Kwenye adapta kakupoteza.

Wengi wanadhani ubaya wake ni volti kuzidi. Siyo. Seli moja ikijaa ni 4.2V, tatu ni 12.6V, na adapta inatoa 12V tu. Ubaya wa kwanza uko kwenye mkondo, yaani ampea zinazopita. Seli zilizoshuka hadi 9V zikikutana na adapta ya 12V 1A zinavuta kila ilichonacho na zaidi. Adapta inazidiwa, inazima na kuwaka, ruta nayo inazima na kuwaka, na adapta za bei chee zinaungua kabisa. Ubaya wa pili hauonekani kirahisi: seli kuukuu hazigawani volti sawasawa. Iliyo dhaifu inajaa mapema na inaendelea kusukumwa mpaka 4.4V wakati wenzake wawili wako 3.8V. Jumlisha uone: 12.0V kamili. Mita inakuambia mambo shwari, kumbe kuna seli moja inapikwa.

Usikimbilie pia ule mpango unaozunguka sana mitandaoni wa seli sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), kibao cha TP4056 cha kuchajia na MT3608 cha kupandishia volti. TP4056 inatoa 1A kwa volti kama 4, yaani wati 4. Ruta iliyoandikwa 12V 1A kwa kawaida hula wati 4 hadi 7. Chukua 6, ongeza kinachopotea kwenye kupandisha volti, unahitaji wati 7 na TP4056 inakuletea 4. Maana yake betri inashuka hata umeme ukiwepo, na siku ukikatika unakuta imeshaisha. Vibao hivyo ni vya powerbank. TP4056 moja nunua hata hivyo, utaihitaji kwenye kupima.

Mpango unaofanya kazi ni huu: jozi tatu za seli mfululizo (kila jozi ni seli mbili sambamba), bodi ya ulinzi ya 3S, yaani ya mafungu matatu mfululizo, kibao cha XL4015 cha kushusha volti, na chaja ya ileile laptop iliyokufa (19V au 19.5V) kama chanzo cha umeme. Ongeza dayodi moja ya 1N5822 (inapitisha umeme upande mmoja tu), fyuzi ya 3A na plagi ya ruta. Kama huna mita wala pasi ya solda na itabidi ununue kila kitu pamoja na seli, kanunue mini UPS ya dukani tu, yaani betri ya akiba ya ruta iliyo tayari. Hesabu ya kujitengenezea inakubali pale ambapo seli na chaja tayari ziko kabatini.

Tuanze na seli, maana hapa ndipo kazi inapoharibika.

Soma lebo kabla hujafungua. 10.8V au 11.1V ni mafungu matatu mfululizo, mara nyingi seli sita zikiwa mbilimbili. 14.4V au 14.8V ni mafungu manne. Unataka zile za duara, 18650, kipenyo 18mm na urefu 65mm. Ukikuta vifuko bapa laini, achana navyo kwa kazi hii, na vikiwa vimevimba usivichokoe kabisa. Kufungua, pitisha kisu butu kwenye mshono wa plastiki, usizamishe zaidi ya milimita mbili. Fanyia juu ya mbao, vua pete na saa ya chuma. Kanda za nikeli zinazounganisha seli kata mojamoja, na kila unapokata funika ncha kwa seloteki ya umeme kabla ya kugusa nyingine. Koleo likigusa chanya na hasi kwa pamoja, hiyo shoti haina fyuzi ya kukuokoa.

Jozi zilizochomelewa pamoja kiwandani ziache hivyohivyo. Betri ya laptop mara nyingi hufa kwa sababu ya jozi moja iliyochoka. Bodi yake ikiona tofauti imekuwa kubwa, inajifunga moja kwa moja hata kama jozi nyingine ni nzima. Ndiyo maana betri mbili mbovu zinaweza kukupa jozi tatu za maana. Na ukiacha jozi na nikeli yake, utachomelea waya kwenye nikeli badala ya kwenye kitako cha seli. Joto la solda likiingia moja kwa moja kwenye seli linaharibu vifunikio vya ndani, hasa upande wa chanya.

Sasa pima kila jozi. Iliyo juu ya 3.0V endelea nayo. Kati ya 2.0V na 3.0V unaweza kujaribu ukiwa umekaa hapo hapo. Chini ya 2.0V tupa, hata kama inakubali chaji. Seli ikikaa imeshuka kiasi hicho, shaba ya ndani inayeyuka, na ukiichaji tena shaba inaganda mahali pasipo pake na kutengeneza shoti ndani kwa ndani. Hiyo ndiyo seli inayokaa kimya miezi miwili halafu inawaka usiku.

Chaji kila jozi peke yake kwa TP4056 na chaja ya simu. 1A ikigawanywa kwa seli mbili ni nusu ampea kila moja, kiasi kizuri kwa seli kuukuu. Jozi iliyo chini ya 2.9V kibao chenyewe kinaanza nayo polepole, kwa kama 130mA. Gusa kila baada ya muda. Uvuguvugu unavumilika, ikiwa moto kiasi cha kutaka kuondoa mkono, toa na tupa. Ikijaa, iache saa moja, andika volti kwa kalamu juu yake, kisha iweke wiki nzima bila kuigusa. Baada ya wiki, iliyo chini ya 4.05V inavuja chaji yenyewe na itakuvurugia pakiti nzima. Watu huruka hatua hii kwa haraka ya kuona ruta inawaka. Usiiruke.

Zilizopita, zipime ujazo. Nunua rezista ya saruji ya 3.9Ω 10W, iunganishe kwenye jozi iliyojaa, na uangalie saa. Ndani ya sekunde chache za mwanzo volti zikianguka zaidi ya 0.2V, ukinzani wa ndani ni mkubwa, hiyo imezeeka. Ikibaki juu, acha iendelee mpaka 3.0V kisha chomoa. Wastani wa mkondo ni kama 0.92A, kwa hiyo saa 4 ni karibu 3.7Ah (ampea mara saa). Jozi mpya ya seli za 2200mAh ina 4.4Ah; iliyoisha kabla ya saa 3 usiitumie. Jozi zako tatu zisipishane zaidi ya dakika 20 hivi. Rezista inapata moto kweli, iweke juu ya kigae, na weka kengele kwenye simu maana hakuna kitu cha kukata chenyewe.

Kuunganisha: zijaze zote tatu kwanza zilingane, tofauti isizidi 0.05V, halafu zipange mfululizo. Bodi ya 3S chagua yenye kusawazisha seli na yenye njia moja, yaani chaja na mzigo (ruta) vyote vinaingia P+ na P-, chanya na hasi za bodi. Zenye C-, hasi ya peke yake ya chaja, hazifai hapa, kwa sababu ruta na chaja vinakutana sehemu moja. Waya zifuate mpangilio huu: 0V kwanza, kisha 4.2V, 8.4V, mwisho 12.6V. Kabla ya kuchomelea kila waya, pima kutoka hasi ya mwanzo uone kweli namba inakaribia iliyoandikwa kwenye bodi. Ukimaliza na P+ ikasoma sifuri, usishtuke, bodi nyingi zinaamka zikipata chaji kidogo.

XL4015 nunua yenye skrubu mbili za kurekebishia, moja ya volti na moja ya mkondo. Yenye moja haipunguzi mkondo, na hapo umerudi kwenye tatizo la adapta. Kata plagi ya chaja ya laptop. Nyingi zina waya wa ndani ambao ni chanya, na nyuzi za nje zilizouzunguka ni hasi. Za Dell na HP zina waya wa tatu mwembamba wa utambulisho, huo uzibe kwa seloteki. Hakikisha kwa mita, usiamini rangi.

Dayodi inakaa kwenye chanya ya kutoka XL4015, mstari wake ukielekea kwenye betri. Bila hiyo, umeme ukikatika betri inarudisha chaji kwenye kibao na kuwasha taa zake bure. Dayodi inakula kama 0.3V, kwa hiyo volti zipime baada yake. Betri ikiwa bado pembeni, zungusha kwanza skrubu ya volti mpaka karibu 12V, ndipo uunganishe ruta na umalizie mpaka usome 12.3V. Kisha toa ruta, weka mita kwenye tundu la 10A, gusisha baada ya dayodi na hasi, uzungushe skrubu ya mkondo mpaka 1.5A. Ukimaliza rudisha waya wa mita kwenye tundu la volti. Mita ikiwa kwenye 10A na wewe unapima betri, umeipiga betri shoti.

Kwa nini 12.3V na si 12.6V? Pakiti hii itakaa imejaa siku nzima kusubiri umeme ukatike, na seli inayokaa 4.1V inazeeka taratibu kuliko ya 4.2V. Unapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo. Pia ruta ikichomolewa, mkondo kwenye dayodi unapungua, dayodi inakula chini ya ile 0.3V, na volti zinapanda zenyewe kidogo. Ukiwa umeanzia 12.3V bado uko chini ya 12.6V. Gharama yake ni hii: bodi nyingi huanza kusawazisha karibu na 4.2V, kwa hiyo hapa usawazishaji haufanyi kazi. Kila mwezi pima jozi zote tatu. Ikibaki nyuma moja kwa 0.1V, zima kila kitu, ijazie hiyo peke yake kwa TP4056. Ikibaki nyuma tena mwezi unaofuata, ibadilishe.

Fyuzi iwe kati ya P+ na pale waya za ruta na dayodi zinapokutana. Tumia waya wa 0.75mm², si ule wa simu. Plagi ya ruta nyingi ni 5.5mm kwa 2.1mm, lakini kuna za 2.5mm zinazofanana nazo kwa macho. Ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5, na ya 2.5 kwenye pini ya 2.1 inalegea, ruta inazima ukiigusa. Angalia mchoro kwenye lebo uone katikati ni chanya.

Jozi za 3.6Ah zikijazwa hivi zinakupa kama 35Wh (wati mara saa), yaani saa tano au zaidi kidogo kwa ruta ya wati 6. Ukiongeza kile kiboksi cha faiba nacho cha 12V, gawa kwa wati za vyote viwili. Volti zitashuka taratibu kutoka 12.3V, ruta nyingi za 12V zinashusha tena volti hizo ndani na huvumilia mpaka karibu 9V, na hapo seli nazo hazina kilichobaki cha maana.

Weka kila kitu kwenye boksi la plastiki la mafundi umeme lililotobolewa matundu ya hewa, likae sakafuni au kwenye ukuta wa tofali, mbali na pazia na godoro. Siku tatu za kwanza lichaji ukiwa macho na nyumbani.

Ruta yako ya akiba kama ni ya 9V, usiichomeke humo moja kwa moja. Weka kibao kingine cha kushusha volti, cha LM2596, kati yake na betri, ukiset 9V kabla ya kuunganisha.