Kabla hujapandikiza kifaa kwenye mnyama wako, uliza nani atakisoma

Tangu habari za hereni za mifugo, zile lebo za namba zinazofungwa sikioni, zirudi midomoni mwa watu, simu yangu haipoi. Mfugaji wa Chamwino anauliza kama kuna chipu ya kuweka chini ya ngozi ya dume lake, ili likiibwa alione kwenye simu. Mama mmoja wa Ilazo ana mbwa anayezimia zimia, na amesikia kwamba Ulaya mbwa wanawekewa mashine ya moyo, ile ya kuushtua moyo uendelee kupiga. Kijana mwenye ng'ombe wa maziwa upande wa Ihumwa ameona video ya kidonge kinachokaa tumboni mwa ng'ombe na kutuma joto lake kwenye mtandao. Wote nawajibu kwa swali lilelile, na wengi hawalipendi: hicho kifaa atakisoma nani, na akishakisoma atafanya nini?

Mimi ni mtu wa mifugo, kazi yangu ni kuzunguka kwenye mazizi na majumba ya watu hapa Dodoma na wilaya za jirani. Sipingi vifaa hivi. Ninachopinga ni watu kununua kifaa na kusahau kwamba kifaa ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Nianze na chipu, maana ndiyo inayochanganya wengi. Ni kichupa cha kioo chenye urefu wa milimita 12 hivi na unene wa milimita 2, sawa na punje ya mchele mrefu. Ndani yake kuna waya uliozungushwa na kisahani kidogo kilichobeba namba. Haina betri. Haina laini ya simu. Haijui iko Dodoma au Singida. Inalala chini ya ngozi miaka yote na kuamka pale tu skana inapopitishwa karibu, sentimita chache kutoka kwenye ngozi. Skana ndiyo inayoipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo inarudisha namba yenye tarakimu 15. Basi, kazi imeisha.

Kwa hiyo dume lako likipakiwa kwenye lori usiku na kuvuka Manyoni, chipu haitakuambia kitu. Itakufaa siku dume litakapokamatwa mnadani na watu wawili wakaligombania, kukawa na mtu mwenye skana, na kukawa na mfumo unaoonyesha kwamba namba ile ni yako. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, umezika kioo kwenye shingo ya ng'ombe.

Kuna wauzaji wanaotembeza chipu mitandaoni kwa maneno ya "fuatilia ng'ombe wako popote alipo". Usiwape hela. Kifaa cha kuonyesha mahali kinahitaji kupokea mawimbi ya setilaiti, kinahitaji betri, na kinahitaji njia ya kutuma taarifa. Mwili wa mnyama unayameza mawimbi hayo, ndiyo maana vifaa hivyo huvaliwa shingoni au sikioni, nje ya mwili. Mtu ataniuliza: mbona faru wanawekewa? Ndiyo, kuna faru wanaotobolewa pembe na kuwekewa kirusha mawimbi, lakini pembe ya faru haina mishipa ya fahamu pale juu, ni kitu kimoja na kucha. Halafu nyuma ya faru yule kuna kikosi cha askari wa wanyamapori wenye redio na magari. Wewe nyuma ya dume lako yuko nani?

Kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wa nyama, ushauri wangu ni hereni. Nchi yetu ina Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na njia inayofanyiwa kazi kwa mifugo ni hereni yenye namba. Najua hereni hung'oka kwenye miiba, na najua mwizi anaweza kulikata sikio. Lakini hereni inaonekana kwa macho, hata kwa askari wa kizuizi cha barabarani asiye na skana. Chipu ya sindano kwa mnyama wa kuliwa ina tatizo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: inaweza kuhama kutoka pale ilipochomwa, na machinjioni si rahisi kuipata. Mimi sitaki kukutana na kioo kwenye mshikaki wa mnada wa Msalato.

Kwa mbwa na paka mambo ni tofauti kabisa, na hapa chipu naipigia debe bila kusita. Tangu serikali ihamie huku, Dodoma imepata watu wengi wanaokuja na mbwa na kuondoka na mbwa. Anayetaka kumpeleka mbwa nchi za Umoja wa Ulaya hana ujanja, chipu ni lazima. Uingereza nao wamewalazimisha wenye mbwa wao kuweka chipu tangu Aprili 2016, na wenye paka tangu Juni 2024.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu mpangilio, maana hapa ndipo watu wanapolia. Chipu kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa baadaye. Mbwa akichanjwa kabla ya kuwekewa chipu, chanjo ile kwa safari ya Ulaya haihesabiki, kwa sababu hakuna namba ya kuthibitisha kwamba aliyechanjwa ndiye huyu. Kutoka Tanzania kuna na kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba kinga imejengeka. Damu inachukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo, inapimwa kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, na mbwa anasubiri miezi 3 tangu siku damu ilipotolewa. Ukipiga hesabu utaona kwamba mtu anayenipigia simu wiki mbili kabla ya ndege hanitafuti mimi, anatafuta muujiza.

Namba yenyewe uisome. Chipu inayokubalika inafuata viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, na inafanya kazi kwa masafa ya kilohezi 134.2. Tarakimu tatu za mwanzo zina maana: zikiwa 834 ni namba ya nchi yetu, zikiwa kati ya 900 na 998 ni namba ya kiwanda. Zikiwa 999, hiyo ni namba ya majaribio, usikubali iingie kwenye mnyama. Niliwahi kuletewa mbwa mzuri sana, ana cheti, ana stika, kila kitu, lakini skana yangu ikawa bubu. Nikazunguka mabega, shingo pande zote mbili, mpaka miguu ya mbele, maana chipu huteleza. Kimya. Tulipomtafuta aliyemuuzia mwenye mbwa tukagundua kwamba ilikuwa chipu ya kilohezi 125, ya bei poa, ambayo skana nyingi za viwanja vya ndege hazina habari nayo. Ilibidi awekewe nyingine na karatasi zote zianze upya.

Daktari anapokuja, mwangalie mikono. Kwanza apitishe skana kwenye mbwa mzima, isije kuwa tayari ana chipu. Pili aisome chipu ikiwa bado ndani ya sindano, alinganishe na stika. Ndipo ainue ngozi katikati ya mabega na kuchoma. Sindano ni nene kuliko ya chanjo na mbwa atashtuka, lakini huwa hahitaji dawa ya usingizi. Baada ya hapo aisome tena, ikiwa ndani ya mwili. Asiposoma mara hizo zote, mwombe asome. Stika moja ibaki kwenye kadi ya chanjo, na nyingine uipige picha. Na kwenye mfumo utakaosajili namba, andika namba mbili za simu, ya pili iwe ya mtu asiyebadilisha laini kila msimu. Chipu inayoelekeza kwenye laini iliyofungwa haimrudishi mbwa nyumbani.

Punda naye nimtaje, kwa sababu Dodoma bila punda maji hayafiki mahali pengi. Wizi wa punda kwa ajili ya ngozi umewaumiza watu, mpaka Umoja wa Afrika ukapitisha marufuku ya uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi mwezi Februari 2024. Punda huchomwa chipu upande wa kushoto wa shingo, katikati, chini kidogo ya mstari wa manyoya, ndani ya kano. Lakini kwa punda wa kijijini mimi bado naona chapa na mashahidi wanaomjua vina nguvu kuliko namba ambayo pale kijijini hakuna wa kuisoma.

Haya, kidonge cha tumboni. Hiki ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa sababu nilikisimamia kwenye zizi moja la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya mji, la mtu anayeishi Dar es Salaam. Ni kidonge kizito, kirefu kuliko kidole cha mtu mzima, kinasukumwa kooni kwa bomba maalumu mpaka nyuma ya ulimi. Kwa uzito wake kinazama na kutulia kwenye tumbo la pili, palepale misumari na nyaya wanazookota ng'ombe hupenda kukaa. Kuna vya namba tu, visivyo na betri, na kuna hivi vyenye betri vinavyopima joto na mwendo wa ng'ombe na kutuma kwenye kipokezi kilichofungwa ukutani. Ukisukuma vibaya kikaingia njia ya hewa, ng'ombe umempoteza. Hii si kazi ya kujifunzia kwenye video.

Wiki za mwanzo zilikuwa vurugu. Kila siku kama saa saba mchana kengele zinalia, joto limeanguka ghafla, kundi zima linaonekana linataka kufa. Wamekunywa maji, basi. Ng'ombe aliyekaa na kiu kwenye jua la Oktoba akinywa ndoo kadhaa kwa mkupuo, joto la tumboni hushuka kwa digrii nyingi na huchukua muda mrefu kurudi. Programu nyingi siku hizi zinajua kuliondoa hilo, lakini lazima zirekebishwe kwa ratiba yako ya maji. Ujue pia kwamba joto la tumboni huwa juu kidogo ya lile la kipimajoto cha nyuma, usiyalinganishe ukaogopa.

Lakini tatizo kubwa halikuwa maji. Ujumbe ulikuwa unakwenda kwenye simu ya mwenye mali, Masaki, kwa Kiingereza. Kijana anayelala zizini ana kitochi. Ng'ombe anapandisha homa saa nne usiku, tajiri anaona asubuhi, anampigia kijana, kijana anajibu, "Mzee, huyu amekula vizuri tu." Tulichofanya ni kitu kidogo: ujumbe mfupi wa Kiswahili ukaanza kwenda kwenye kitochi cha kijana, wenye namba ya ng'ombe na maneno "mpime joto", na kipimajoto cha kawaida kikatundikwa kwenye nguzo ya zizi. Haukupita muda mrefu, kijana akanipigia alfajiri: ng'ombe chotara ana 40.8, na tezi ya chini ya sikio ndiyo kwanza imeanza kutuna. Ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Dawa ya buparvakwoni iliingia mapema, na ng'ombe akapona. Ndigana ukiisubiri mpaka ng'ombe ahemee juu juu, mara nyingi umechelewa.

Faida nyingine ni kujua ng'ombe yuko tayari kupandwa. Ng'ombe wengi huonyesha dalili usiku, watu wamelala, na wenye damu ya zebu, ng'ombe wa kienyeji wenye nundu, huonyesha kwa muda mfupi. Kidonge kinaona mwendo umebadilika saa nane usiku na kinakuambia. Kama una mhimilishaji, yaani mtu wa kupandikiza mbegu kwa mrija, anayepokea simu na mwenye mbegu tayari, hapo gharama inaanza kurudi. Kama mhimilishaji wako anatoka Mpwapwa kwa basi, umelipia habari tu.

Na kuna jambo moja linaniudhi kuhusu vidonge hivi. Ndigana inaua sana ndama, na ndama mdogo hawezi kumeza kidonge cha ukubwa ule. Mnyama aliye hatarini zaidi zizini ndiye asiye na kifaa. Kwa hiyo mwenye ng'ombe watano namwambia hela hiyo aweke kwenye josho, kipimajoto na chanjo. Mwenye arobaini wa maziwa, mwenye umeme wa uhakika na mtu wa usiku, tunaweza kuzungumza.

Nimrudie mama wa Ilazo. Mashine ya moyo kwa mbwa ipo kweli, na mbwa mgonjwa wa kwanza kuwekewa kama tiba aliwekewa Marekani mwaka 1967. Waya unapitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingo mpaka ndani ya moyo, na mashine yenyewe inafichwa chini ya ngozi ya shingo, ndiyo maana mbwa wa hivyo hafungwi tena mkanda wa shingoni. Nyingi zilizotumika zilitolewa na familia za watu waliofariki, au ni zile ambazo muda wake wa kutumika kwa binadamu umepita. Kwa Dodoma sijakutana na mbwa mwenye nayo. Nilichomwambia ni hiki: akizimia mpige video, weka kiganja kifuani upande wa kushoto nyuma ya kiwiko, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Yakiwa 40 au chini na hayapandi hata akikimbia, hilo ni la moyo, mpeleke hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA), Morogoro. Yakiwa mengi na ufizi ni mweupe, damu imepungua, tutafute kupe na minyoo kwanza. Alipohesabu, yalikuwa mengi. Kupe walikuwa wamejaa masikioni.

La mwisho, kwa wenye ng'ombe wa kidonge. Siku ukimuuza au ukimpeleka machinjioni Kizota, mwambie mkaguzi wa nyama kabla hajachinjwa kwamba ndani kuna kifaa chenye betri, na kipo tumbo la pili. Kitatoka kwa urahisi, lakini wanaoosha utumbo lazima wajue. Halafu ifute ile namba kwenye mfumo, la sivyo simu yako itaendelea kukuletea taarifa za ng'ombe aliyekwisha kuliwa.