Doa kubwa la Jua limepita kimya, dogo limekata foni: kwa nini?

SWALI: Mimi ni opereta wa foni, yaani redio ya mawimbi mafupi, hapa Goma. Nikiona doa kubwa kwenye picha za Jua, nawaonya wenzangu, kisha hakuna kinachotokea. Siku nyingine doa dogo linatunyamazisha mchana. Niangalie nini?

JIBU: Ndugu, ukubwa unakudanganya. Fungua ramani ya sumaku ya SDO, satelaiti inayotazama Jua: nyeupe ni uga wa sumaku unaotoka nje ya Jua, nyeusi ni unaoingia. Kiini cha doa huwa na gausi (kipimo cha nguvu ya sumaku) 2,000 hadi 4,000; uga wa Dunia haufiki hata 1.

Doa la aina ya alfa lina rangi moja. Beta lina mbili zilizotengana vizuri. Hayo kwa kawaida ni matulivu. Gama limechanganyika, lakini la kuogopa ni delta: viini vya ncha kinyume vimebanana ndani ya ukingo mmoja wa kijivu. Chunguza mpaka wa nyeupe na nyeusi hapo. Pande mbili zikiteleza kwa kupishana, mistari ya uga hulala kando ya mpaka badala ya kuuvuka, na nguvu hujilimbikiza, kama mpira wa kufungia mzigo kwenye chukudu, skuta yetu ya mbao: kilo za mpira si kitu, ni jinsi ulivyovutwa. Mistari ikikatika na kuungana upya, nguvu hiyo hufyatuka: huo ndio mwako.

Hata hivyo, mwako si lazima urushe plasma, yaani gesi ya moto yenye chaji. Eneo la madoa namba 12192, Oktoba 2014, lilikuwa kubwa kuliko yote tangu 1990 na lilitoa miwako sita ya daraja la X, lile la juu kabisa, bila hata mmoja kurusha wingu la plasma. Uga wa juu yake uliibana kama kifuniko. Eneo 13664, Mei 2024, lilitoa vyote viwili, na tarehe 10 ikaja dhoruba ya sumaku duniani ya G5, ngazi ya juu kabisa, ya kwanza tangu 2003.

Kinachokata foni yako ni mwako wenyewe. Eksirei hufika kwa dakika 8 na kunenepesha tabaka la D la anga ya juu, linalomeza mawimbi ya redio, upande wenye mchana tu. Ongeza saa mbili kwenye UTC, saa ya kimataifa: mwako wa 10:00 unawakuta saa sita mchana, pabaya kabisa, wa 20:00 hauwagusi.

Ukiita Kinshasa, panda kutoka megahezi 7 hadi 14. Umezaji hushuka hadi karibu robo ya ule wa awali. Kwa Bukavu usijaribu, 14 itawaruka. Subiri, mara nyingi ndani ya saa moja foni inarudi yenyewe.